Uzi na Tunda

Miaka kumi na mmoja, kiwandani Ruaraka,
nilishona jina la mtu nisiyemjua
nyuma ya kola, shati baada ya shati,
mia nne kwa zamu. Hata gizani
vidole vyangu vingelisoma.
Langu liliandikwa mahali pamoja tu,
daftari la mlinzi, nikiingia, nikitoka,
na hata hapo Kerubo aliiandika kwa C.

Siku niliyoacha sikugombana na mtu.
Niliomba vipande vya turubai vilivyokuwa vikitupwa.
Msimamizi akasema chukua, utafanyia nini?
Nikasema, mikoba.
Akacheka kwa adabu.

Nikapanga nusu ya kibanda Kariokor.
Nusu nyingine ni ya Mzee Muthike wa akala,
gundi yake hunipanda kichwani kabla ya chai ya saa nne.
Cherehani ni ya mkopo wa chama, na chama hakisahau.
Mkoba wa kwanza ulipinda mdomo
kama mtu anayejizuia kucheka msibani.
Wa pili niliufumua mara tatu.
Wa tano Mumbua aliununua, kwa huruma, alikiri baadaye,
lakini kamba haijakatika mpaka leo,
na huruma haibebi kilo nne za viazi.

Kisha jina.
Tokeni za stima zilikwisha nikiwa bado nalitafuta.
Gizani nikachagua Uzi na Tundu,
kwa kuwa ndivyo vitu nilivyokuwa navyo:
uzi, na tundu la kuupitishia.

Gichimu wa lebo, Riva Rodi, ghorofa ya tatu,
hatoi chini ya mia tano.
Nikamtumia kodi ya mwezi mzima,
simu yake ikalia kwa furaha kabla yangu kulia.
Wiki mbili baadaye nikafungua kifurushi.

Uzi na Tunda.

Zote mia tano.
Herufi nyekundu, zimenyooka
kuliko mshono wangu wowote.

Nikapanda tena zile ngazi nimejaa maneno.
Gichimu akatoa karatasi bila kusema kitu.
Mwandiko wangu mwenyewe:
u imeziba juu, imekuwa a.
Nikashuka na maneno yangu yote.

Mzee Muthike aliigeuza lebo mkononi.
Akasema hapa tulipo palikuwa kambi ya wapagazi,
vita vya wazungu, mizigo ya wazungu,
na jina la kikosi nalo la kizungu, halikai ulimini.
Watu wakalikunja mpaka likaingia mdomoni:
Kariokor.
"Na hakuna aliyelirudisha dukani."
Maneno mazuri. Mwenye kibanda hayapokei.

Basi nikanunua wembe.
Ukiitazama a kwa karibu, ni u iliyoezekwa.
Paa ni nyuzi nne tu.
Nakata ya kwanza, navuta tatu kwa ncha ya sindano,
polepole, ukuta usije ukafuata,
na nyumba inabaki wazi juu.
Dakika sita kwa kila lebo.
Pale paa lilipokuwa panasalia vitundu vinne,
huvioni, ila ukipitisha kidole.

Juzi moja ilinipita bila kufumuliwa.
Mwanamke wa koti la kijani akaisoma kwa sauti.
"Tunda gani?"
Nikasema, "Halijaiva bado."
Akalipa bila kuomba apunguziwe.
Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza
kama ninafumua kosa
au ninafumua bahati.

Gichimu amepiga simu: atanitolea nyingine
kwa nusu bei, safari hii niandike kwa herufi kubwa.
Nimemwambia asubiri.

Nimefika ya mia mbili na kumi na tatu.
Kidole cha shahada kimeota sugu mpya,
si pale kiwanda kiliponiachia ile ya zamani.
Mumbua anasema siku moja watu watazitafuta hizi
kwa sababu ya hivyo vitundu.
Labda. Mimi najua kodi ni tarehe tano.

Ngoja niweke wembe chini.
Kuna mtu mlangoni, ameinua mkoba,
anapitisha kidole.